Juu ya Kwenda Ziwani kwa Furaha

Ndugu wapendwa wa sharika zote, nanyi wainjilisti na walimu ambao huwasomea wenzenu kurasa hizi jioni, leo twawaletea neno ambalo huenda wengine wataliona kuwa dogo. Si habari ya mafundisho makuu ya dini, wala si habari ya fedha za kanisa. Ni habari ya mashua. Walakini tumeona kwamba ndani ya neno hili dogo limejificha swali kubwa, nalo limetukosesha usingizi usiku zaidi ya mmoja.

Mwanzo wake ulikuwa hivi. Vijana wetu wa huku Mpepai waliomba ruhusa washuke Mbamba Bay, wapande mashua, wazunguke kisiwa kilicho karibu na pwani, wale chakula chao mchangani, wakarudi jua lingaliko juu. Ombi jema. Vijana waliochuma kahawa tangu Juni wana haki ya kufurahi siku moja. Sisi tukawaambia wazee wa usharika: Waende, ila kila mtu avae jaketi la kujiokolea, na hesabu ya watu isipite hesabu ya chombo. Ndipo mzee mmoja, mtu tunayemheshimu sana, akasimama akasema, “Baba Mchungaji, wewe ndiwe utufundishaye kumtumaini Mungu. Mbona leo watufundisha kuitumaini nguo iliyojazwa vitu vyepesi?” Watu wakacheka. Sisi nasi tukacheka, maana alisema vizuri. Lakini tulipofika nyumbani hatukuweza kucheka tena. Je, ni kweli? Ajiwekaye tayari kwa hatari, amepunguza imani yake?

Kabla ya kujibu, yafaa tuseme kwanza sisi ni watu gani na ziwa lenyewe ni maji gani. Sisi wa milimani twajua kulima ngoro katika mteremko mkali bila udongo kuchukuliwa na mvua. Twajua kahawa, twajua chemchemi na vijito. Maji yetu ni yale ambayo mtoto avuka akiwa amekunja suruali. Kwa hiyo tukiteremka kutoka Mbinga, na kona za barabara zikatufungulia Ziwa Nyasa lote kwa mara moja, limetandikwa kama mkeka wa buluu, moyo hupanda, nasi twasahau kuuliza. Ziwa hili lina urefu upitao kilometa 550 toka kusini hata kaskazini. Kina chake, mahali penye shimo kubwa, hukaribia mita 700. Na kuna upepo uitwao mwera, utokao kusini-mashariki, uvumao kwa nguvu tangu Mei hata Agosti. Ziwa limenyoka mfano wa bonde refu, basi mwera hupata uwanja mrefu wa kuyasukuma maji; wimbi lililozaliwa mbali huko kusini hutufikia likiwa limekwisha kukua, hata siku ambayo juu yetu mbingu ni nyeupe na hakuna wingu. Mtu wa milimani hutazama juu ili ajue hali ya siku. Mtu wa ziwani hutazama kusini.

Tena angalieni jambo hili: miezi ya mwera ndiyo miezi ya kuvuna kahawa, na ndiyo miezi ambayo shule hufungwa. Yaani wakati ule ule ambao sisi tuna nafasi na shilingi mbili tatu za kutumia, ndipo ziwa huwa halina adabu.

Basi turudi kwa swali. Wako wajibuo upesi kwa kutaja mithali, “Ajali haina kinga.” Mithali hii yasemwa kila mahali, na mara nyingi husemwa makaburini. Sisi hatuwezi kuikubali kama itumiwavyo. Neno “ajali,” katika maana yake ya zamani, ni mwisho wa maisha ya mtu uliowekwa na Mungu. Hakika siku hiyo hakuna aijuaye wala awezaye kuiahirisha. Lakini sisi tumelichukua neno hilo la heshima tukalivika kila uzembe wetu. Chombo cha watu kumi na wawili kikipakiwa watu ishirini, kikazama, twasema ajali. Je, aliyewahesabu abiria akanyamaza ni nani katika habari hiyo? Tena watu hao hao wasemao ajali haina kinga, usiku hufunga ghala ya kahawa kwa kufuli mbili. Mbona hawasemi wizi hauna kinga? Twaona kwamba mtu hujiwekea kinga pale apendapo, huiacha pale imchoshapo, kisha huita uchovu wake majaliwa.

Wengine hujibu kwa njia ya juu zaidi, kama mzee wetu, wakisema imani yatosha. Twawasihi wafungue Matendo ya Mitume mlango wa 27, wausome wote polepole. Mwaka ulikuwa umekwenda, majira ya kusafiri yamepita. Paulo akaonya kwamba safari ile italeta hasara. Akida hakumsikia, alimsikia nahodha na mwenye merikebu. Kisha upepo wa kusini ukavuma kidogo, kwa upole, nao wakadhani wamepata walilotaka wakang’oa nanga. Yeyote aliyewahi kusimama pwani ya Nyasa asubuhi tulivu atajua jinsi upole huo unavyodanganya. Basi dhoruba ikaja. Lakini neno tunalotaka mlione ni hili. Katikati ya dhoruba Paulo alipewa ahadi kwamba hapana hata mmoja wao atakayepotea, nao walikuwa watu 276. Ahadi yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa! Hata hivyo mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo yeye yule alimwambia akida kwamba hao wasipokaa chomboni, wengine hawataokoka. Akawahimiza watu wale chakula wapate nguvu. Wakaipunguzia merikebu uzito kwa kuitupa ngano. Mwisho, wajuao kuogelea wakajitupa kwanza, waliobaki wakashika mbao na vipande vya merikebu, na hivyo wote wakafika nchi kavu. Ahadi ilitimizwa kwa ubao. Hatuoni mahali Paulo alipomkemea mtu kwa kuushika ubao kana kwamba amemdharau Mungu.

Kinyume chake, mahali pengine twaona aliyesema, “Jitupe chini, malaika watakupokea.” Ni nani aliyesema hayo juu ya kinara cha hekalu, ninyi mwajua, wala hakuwa mwalimu wa imani.

Kwa hiyo swali la mzee twaliona si gumu sana. Gumu ni lingine, nalo hatukuliona mpaka tulipojichunguza wenyewe. Swali hilo ni hili: mtu akiona hatari, akanyamaza kwa ajili ya heshima, dhambi hiyo yaitwaje?

Miaka michache iliyopita tulialikwa arusi katika kijiji kimoja cha pwani. Baada ya ibada na chakula, mwenyeji wetu akataka kuwafurahisha wageni kwa kuwapeleka ziwani kidogo kabla ya jua kushuka. Mashua ikaletwa. Sisi tukakaribishwa kwanza, tukakalishwa mahali pa heshima karibu na tezi, tungali tumevaa kanzu nyeusi ya ibada na viatu vya ngozi. Watu wakaingia, na wengine wakaingia, na akina mama na watoto, na wapiga ngoma na ngoma zao. Sisi tuna desturi ya kuhesabu watu. Mchungaji yeyote huhesabu bila kukusudia. Tulihesabu ishirini na mmoja. Chombo kile, hata kwa macho ya mtu wa Mpepai, kilikuwa cha watu kumi na wawili. Tulitazama pembeni, tukaona maji yamebakiza vidole vinne kufikia ukingo wa ubao. Jaketi hapakuwa na hata moja. Mvuvi mmoja mzee, aliyekaa karibu nasi, akatunong’oneza, “Baba Mchungaji, wajua kuogelea?” Tukajibu, hapana. Akaitazama kanzu yetu, akasema, “Basi vazi hili ni sanda.” Akanyamaza, akitungoja sisi tuseme.

Hatukusema. Sababu zake twazijua vema, wala hatuwezi kuzificha kwenu. Tuliona haya kumwaibisha mwenyeji mbele ya wakwe zake. Tuliona haya mchungaji aonekane mwoga. Tena tulifikiri, wenyewe wa ziwa wapo, sisi wa milimani tuna neno gani? Mashua ikasukumwa.

Hatukwenda mbali. Wimbi moja lilikuja kwa ubavu, si kubwa, likamwaga maji ndani. Watu waliokaa upande ule wakaruka upande wa pili, na mashua ikalala. Nahodha akapiga kelele watu wakae chini. Nusu hawakusikia kwa sababu ya vilio. Yule mzee akanyakua sufuria iliyokuwa na masazo ya wali, akaanza kufua maji, huku akimtukana nahodha kwa lugha ambayo hatutaiandika hapa, akimwambia aielekeze omo kwenye mawimbi. Basi tukarudi. Hakufa mtu. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya watu, tukaongoza sala ya shukrani kwa wokovu ule, na watu wakalia machozi. Katika sala ile hatukutaja vidole vinne, wala hatukutaja hesabu ya ishirini na mmoja.

Ndugu, shukrani ni njema, lakini tumejifunza kwamba yaweza kutumiwa kama kifuniko. Tulimshukuru Mungu kwa kutuokoa katika shimo ambalo tulilichungulia kwa macho yetu, tukawaacha watoto wa watu wakanyage. Siku nyingi baadaye, binti mmoja aliyekuwamo chomboni alitwambia kwa upole, bila kukusudia kutuchoma, “Mimi niliogopa, baba. Lakini nilikuona umekaa, nikasema moyoni, basi hakuna neno.” Maneno hayo hatuyasahau. Torati, katika Kumbukumbu mlango wa 22, yamwagiza mtu ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kuizunguka dari, ili mtu akianguka, damu isiwe juu ya nyumba ile. Haimwulizi mwenye nyumba kama alikusudia mabaya. Wala haimwulizi aliyeanguka kama alipanda kwa hiari yake. Yeye aliye na dari ndiye mwenye wajibu wa ukuta. Katika mashua ile dari ilikuwa ya mwenyeji na ya nahodha, kweli. Lakini mtu akipewa kiti cha heshima amepewa sehemu ya dari pia, kwa kuwa wengine huutazama uso wake ili wajue kama waogope.

Wala kuogopa kuonekana mwoga hakukuanza na sisi, wala haraka haikuanza na vijana wa leo. Wazee wa pwani hii humjua kwa jina Askofu Chauncy Maples wa misheni ya Kiingereza iliyokuwa na makao yake katika kisiwa cha Likoma. Aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1895, akawa anarudi kwa watu wake. Tarehe 2 Septemba mwaka huo huo mashua yake ilipinduka katika dhoruba, naye akafa maji, akiwa na umri wa miaka 43. Wasimulizi wa habari zake husema alikuwa na shauku kubwa ya kufika, tena alijua kuogelea, lakini kanzu yake ndefu ilimvuta chini. Sisi hatumhukumu mtu yule mwema, aliyeipenda nchi hii. Twasema tu kwamba kanzu haikumjua kuwa ni askofu. Baadaye misheni ile ilileta meli ya mvuke iliyoitwa kwa jina lake, ikashushwa majini mwaka 1901. Likiisha tukio twajua kujenga meli nzuri.

Tena mwezi wa Julai 1946, katika majira ya mwera, meli iitwayo Vipya, iliyokuwa mpya kwelikweli, ilizama upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa letu. Watu 145 wakafa. Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya kale. Tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa Viktoria, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati ya Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Twawaomba wasomaji wasimame kidogo katika hesabu hizo mbili. Ndani ya kivuko kile bila shaka walikuwamo watu wengi walioona kwamba kimejaa. Kila mmoja alimtazama mwenzake aliyekaa.

Hapa twataka kuongeza neno juu ya furaha, maana hatupendi mtu adhani kwamba twaichukia. Mvuvi akiingia ziwani usiku wenye shaka, ana sababu: asipokwenda, watoto watalala njaa. Abiria wa Ukara alikuwa akirudi nyumbani kutoka gulioni. Watu hao hatari huwabana. Lakini mtu aendaye kwa matembezi, ni nani ambanaye? Akirudi bila kwenda, amekosa kicheko cha siku moja. Kwa hiyo, kati ya watu wote walio juu ya maji, yeye ndiye mwenye udhuru mdogo kuliko wote. Na ajabu ni kwamba yeye ndiye ajiandaaye kidogo kuliko wote. Mvuvi anajua mahali penye miamba, ana kafi ya akiba, anajua kuogelea tangu utoto. Mtembezi ana simu ya kupigia picha. Tena humvuta mvuvi katika hatari yake: humwonyesha fedha, humwambia, “Twende tu, mzee, nitakuongeza,” na mtu mwenye watoto shuleni ni vigumu kukataa. Ukiinunua hofu ya maskini kwa shilingi elfu kumi, umenunua kitu ambacho hakikuwa chake cha kuuza.

Basi, tuliwafanyia nini vijana wetu? Tuliwaambia haya yote, pamoja na habari ya sufuria, wakacheka sana, kisha wakaacha kucheka. Wakaenda wenyewe kutafuta mashua mbili zilizokaguliwa. Walihakikisha jaketi zipo kwa kila mtu, za watoto ni za watoto, kwa sababu jaketi kubwa humvuka mtoto kichwani na kupanda juu peke yake. Tena wakapatana kwamba zitavaliwa na kufungwa pwani, zisikaliwe kama mito. Katika kila chombo wakaweka ndoo ya kufulia maji, kafi, kamba, na mafuta ya kurudia. Simu wakazitia katika mifuko ya nailoni na kuifunga. Wakaandika majina yote katika karatasi mbili, moja ikabaki kwa mama mmoja muuza samaki, ikiwa na saa ya kurudi, naye akaambiwa ikipita saa hiyo awaite watu, apige pia namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Pombe hatukuwa na haja ya kuitaja, au ndivyo tulivyodhani; tukakuta chupa mbili katika kikapu cha mikate. Kanzu yetu tuliiacha nyumbani.

Mzee aliyetuuliza swali lile alifuatana nasi, kwa kuwa ana wajukuu wawili kati ya vijana.

Tulifika Mbamba Bay saa mbili asubuhi. Ziwa limelala. Nahodha, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, akasimama akatazama kusini kwa muda mrefu, ambako sisi hatukuona kitu ila mstari mweusi mwembamba juu ya maji. Akasema, “Leo hapana.” Vijana wakanung’unika. Fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa, naye alirudisha nusu tu, kwani mafuta alikuwa amekwisha kuyanunua. Walitutazama sisi, nasi tulijua wanautazama uso wetu kwa sababu gani. Tukasema, “Hapana ni hapana.”

Na sasa tuseme kweli yote: mwera haukuvuma. Siku ile ziwa lilibaki tulivu mpaka jioni, mstari mweusi ukapotea, na mashua nyingine zilikwenda na kurudi zikiimba. Vijana walituonyesha hayo mara nyingi. Hatukuwa na la kujibu, wala hatuna hata leo, ila kwamba tungefanya vivyo hivyo tena. Mtu aliyezuia msiba hawezi kuuonyesha, maana haukutokea. Na mtu aliyezuia matembezi bure huonekana sawasawa naye. Yatupasa kuizoea aibu hiyo.

Basi tulikula wali na samaki mchangani, na vijana wakavaa jaketi zao wakacheza katika maji yafikayo kifuani, ili angalau fedha isipotee yote. Mzee wetu aliwatazama kwa muda. Kisha akavua kofia, akaomba jaketi, akauliza mikanda yake hufungwaje. Akaingia polepole, mjukuu mmoja kila upande. Maji yalipomfikia mabegani, akainua miguu. Tulimwita mara tatu aje ale kabla samaki hawajapoa, akatujibu kutoka huko huko kwamba yeye hana njaa.